Kijiwe cha Sikio: Jinsi Umri wa Samaki Unavyosomwa, kutoka Kitale hadi Bungoma

Methali isemayo "Samaki mkunje angali mbichi" imemfanya samaki kuwa kielelezo cha malezi ya mwanadamu, lakini haimwambii msikilizaji chochote kuhusu umri wa samaki mwenyewe. Ubichi si uchanga. Wala udogo si uchanga, na hili ndilo kosa linalofanywa kila siku katika masoko ya Kitale na Bungoma, ambako mnunuzi humtazama perege wa kiganja kimoja akamwita mtoto, na mwenzake wa viganja viwili akamwita mzee.

Mbuzi hana tatizo hili. Anayemnunua humfungua kinywa akayahesabu meno, naye ng'ombe husomwa meno na pembe. Isitoshe, wanyama hao hufikia kimo fulani wakakoma kukua. Samaki hana kimo kilichowekwa. Hukua maadamu anapata chakula, nafasi na joto la kumfaa, na anapovikosa hudumaa bila kufa. Perege wawili walioanguliwa siku moja kutoka kinywani mwa mama mmoja (maana jike wa perege huatamia mayai yake kinywani) waweza kutengwa, mmoja akatiwa katika bwawa lenye nafasi na mwingine katika bwawa lililosongamana. Mwaka ukiisha, wa kwanza atakuwa kitoweo cha watu wawili, ilhali wa pili hajafikia urefu wa kidole. Mizani na rula zitasema kwamba wamepishana umri. Ushahidi wa kweli umo ndani ya fuvu, nyuma ya ubongo.

Kuhusu jina

Katika mazungumzo ya kawaida kiungo hiki huitwa "mfupa wa sikio". Jina hilo linaeleweka kwa urahisi lakini linapotosha, na upotoshaji wenyewe unagusa kiini cha mada. Mfupa ni kitu hai: una damu, hujengwa na kubomolewa, na mwili ukipungukiwa na madini huweza kuyachota humo. Kitu kilichomo sikioni mwa samaki hakina damu wala hakibomolewi. Ni jiwe dogo la kalisi kaboneti, jamii moja na chokaa na gamba la konokono, lililochanganyika na protini kidogo. Wataalamu hukiita otolithi, neno lililoundwa kwa Kiyunani: sikio na jiwe. Kwa hiyo Kiswahili hakina haja ya kutafuta mbali. "Kijiwe cha sikio" ni tafsiri aminifu na ni fasili sahihi pia. Kweli, kwa vijana wa leo kijiwe ni mahali pa kukutania na kupiga gumzo, lakini neno moja kubeba maana mbili si jambo geni katika lugha hii.

Samaki wengi wenye mifupa wana vijiwe jozi tatu, na majina yake ya Kilatini yanapendeza kwa anayependa maneno. Cha kwanza ni sagita, yaani mshale. Cha pili ni lapilasi, yaani kijiwe hasa. Cha tatu ni asterisikasi, yaani kinyota. Majina hayo ni ya umbo tu. Kazi yake ni kumsaidia samaki kusikia na kujua juu na chini. Kila kijiwe kimekaa katika kifuko chenye majimaji, juu ya vinyweleo vyenye hisi. Sauti inapopita au samaki anapoinama, mwili husogea pamoja na maji, lakini jiwe kwa uzito wake huchelewa kidogo, vinyweleo hupinda, na ubongo hupata habari. Mwanadamu naye ana chembechembe za namna hiyo katika sikio lake la ndani, ila zake ni vumbi. Hazikui kuwa jiwe moja linaloweza kusomwa.

Pete

Kijiwe huanza kuundwa samaki akiwa bado yaini. Kuanzia hapo, kila siku hupakwa tabaka jipya juu ya lile la jana. Mwenendo wa madini na protini hubadilika kati ya mchana na usiku, na mabadiliko hayo huacha jozi ya mistari: mmoja angavu na mwingine wa giza. Jozi hiyo ndiyo pete ya siku. Upana wake ni sehemu chache za elfu za milimita. Mwaka 1971 mwanasayansi Giorgio Pannella ndiye aliyeutangazia ulimwengu kwamba pete hizo nyembamba ni za siku. Zile pana zaidi, za mwaka, zilikuwa zimejulikana Ulaya tangu mwisho wa karne ya kumi na tisa, na Johannes Reibisch wa Ujerumani alizitumia mwaka 1899 kusoma umri wa samaki bapa wa bahari za kaskazini.

Ubora wa kijiwe kuliko ushahidi mwingine unatokana na ule ukweli kwamba hakibomolewi. Magamba nayo yana pete, na ni rahisi kuyapata bila kumuua samaki. Hata hivyo, gamba likibanduka hukua jingine mahali pake, na hilo jipya halina kumbukumbu ya utotoni. Samaki akishikwa na njaa, mwili huweza kula kingo za magamba. Kijiwe hakiguswi. Njaa huonekana humo kama pete zilizobanana, na shibe kama pete pana. Kwa maneno mengine, kijiwe hakitoi idadi ya siku peke yake. Hutoa pia habari ya jinsi siku hizo zilivyokuwa.

Kazi ya mikono

Anayetaka kusoma kijiwe huanza kwa kisu. Fuvu hukatwa kutoka juu, nyuma kidogo ya macho, kifuniko chake kikainuliwa, ubongo ukaondolewa, na chini yake huonekana vifuko viwili vyenye vitu vyeupe. Hutolewa kwa kibano, vikaoshwa kwa maji safi, vikakaushwa na kuhifadhiwa katika bahasha ndogo iliyoandikwa nambari ya samaki, urefu, uzito, jinsia, mahali na tarehe. Bahasha isiyo na maandishi haya haifai kitu. Wanaoanza kazi hii hukatazwa jambo moja kwa mkazo: kutia kichwa katika fomalini kabla ya kukitoa kijiwe. Dawa hiyo huhifadhi nyama vizuri, lakini aghalabu huwa na asidi, na asidi huyeyusha chokaa. Mtafiti atakayelifungua fuvu miezi kadhaa baadaye huenda akakuta vijiwe vimeliwa.

Katika perege na sangara, kijiwe kikubwa ni sagita, nacho huonekana kwa macho bila shida. Mambo hugeuka kwa kambare na ningu. Hao ni wa ukoo mwingine, ambao sikio lao limeunganishwa na kibofu cha hewa kwa mnyororo wa vijifupa, na sagita yao ni nyembamba kama sindano, hukatika kwa kuguswa tu. Kwao hutafutwa lapilasi au asterisikasi. Mwanafunzi aliyejifunza kwa perege kisha akapewa kichwa cha kambare anaweza kuapa kwamba samaki huyo hana kijiwe.

Baada ya hapo kijiwe hugandishwa katika resini au hubandikwa juu ya kioo, kikasuguliwa kwa msasa laini sana mpaka kiini kionekane. Hii ndiyo sehemu inayotaka subira kuliko zote. Ukisugua kidogo mno, pete hazionekani. Ukizidisha, kiini kimekwenda na pamoja nacho siku za mwanzo za maisha. Kisha hadubini huwekwa tayari na hesabu ikaanza, kutoka kiini hadi ukingo. Kwa desturi wasomaji huwa wawili, kila mmoja akihesabu peke yake bila kuambiwa urefu wa samaki, kwa sababu jicho linalojua kwamba samaki ni mkubwa huona pete nyingi.

Vichwa vyenyewe si lazima vinunuliwe ghali. Viwanda vinavyotoa minofu ya sangara kwa ajili ya kuuzwa ng'ambo huacha kichwa na uti wa mgongo, na mabaki hayo huuzwa kwa wananchi kwa jina la mgongo wazi. Kila kichwa cha namna hiyo kina vijiwe vyake, ambavyo mlaji huvitema pembeni mwa sahani akidhani ni mfupa kama mifupa mingine.

Pete moja ni muda gani?

Hapa ndipo elimu hii ilipokwama kwa muda mrefu katika nchi za joto, na ndipo wengi wanapokosea hadi leo. Samaki wa Ulaya hupitia kipindi cha baridi kali ambapo hukaribia kuacha kukua kabisa. Baridi hiyo huacha ukanda usioweza kukosewa, na kwa kuwa huja mara moja tu kwa mwaka, kuhesabu kanda ni kuhesabu miaka. Karibu na ikweta hakuna baridi ya aina hiyo. Kanda huwepo, lakini chanzo chake chaweza kuwa mvua, ukame, uzazi au uhaba wa chakula, na hakuna aliyeahidi kwamba mambo hayo yatatokea mara moja tu kwa mwaka.

Mfano wa karibu unapatikana Bungoma kwenyewe. Tohara ya Wabukusu hufanyika mwezi wa Agosti katika miaka ya shufwa, yaani kila baada ya miaka miwili. Mgeni akiambiwa kwamba tangu kijana fulani atahiriwe sherehe hizo zimefanyika mara sita, naye akadhani kwamba tohara ni ya kila mwaka, atasema imepita miaka sita. Mwenyeji atasema kumi na miwili. Hesabu ya mgeni haina kosa. Kosa liko katika muda alioupa kila alama.

D. J. Garrod, aliyefanya utafiti katika Ziwa Viktoria miaka ya 1950, alikutana na kinyume cha kosa hilo. Alichunguza magamba ya ngege, yule wa asili ambaye Michael Graham alimpa jina la kisayansi mwaka 1928 baada ya uchunguzi wake wa uvuvi ziwani. Katika kazi aliyoichapisha mwaka 1959, Garrod alionyesha kwamba pete za magamba hayo ziliambatana na uzazi wala si na mwaka wa kalenda, na kwamba samaki mmoja aliweza kupata pete mbili katika mwaka mmoja. Aliyezihesabu kwa mtindo wa Ulaya angempa ngege mara mbili ya umri wake, na hapo angeamini kwamba samaki hukua polepole kuliko hali halisi.

Pwani ya Afrika Mashariki imetoa funzo jingine, ingawa nalo ni la magamba. Silikanti, samaki wa kale aliyevuliwa Malindi mwaka 2001, alikuwa akidhaniwa kuishi miaka ipatayo 20 kwa kutegemea pete kubwa zilizoonekana magambani mwa wenzake wa Komoro. Mwaka 2021 wanasayansi wa Ufaransa waliyatazama tena magamba ya silikanti 27 kwa aina tofauti ya mwanga, wakaona pete nyembamba ambazo hazikuwahi kuhesabiwa. Makadirio yakapanda hadi karibu miaka 100. Gamba lilikuwa lile lile. Kilichobadilika ni kipi kilihesabiwa kuwa pete.

Kwa hiyo kabla ya kuhesabu, muda wa pete lazima uthibitishwe. Njia iliyo wazi zaidi ni kumtumia samaki ambaye siku yake ya kuanguliwa inajulikana, na mabwawa yanafaa sana kwa hilo. Njia nyingine ni kumpa samaki dawa ya jamii ya tetrasaiklini, ambayo hushikamana na kalisi inayojengwa siku hiyo. Samaki hurudishwa majini, na siku zikiisha hukamatwa tena. Kijiwe kikimulikwa kwa miali ya urujuanimno, mstari wa siku ya dawa hung'aa. Mtafiti huhesabu pete zilizoko nje ya mstari huo na kuzilinganisha na siku zilizopita. Kama siku ni 60 na pete ni 60, hakuna tena cha kubishania. Kwa perege, pete za siku zimepita mitihani ya namna hii.

Bwawa la Kitale na bwawa la Bungoma

Mwaka 2009 serikali ya Kenya, kupitia mpango wa kuchochea uchumi, ilianza kuchimba mabwawa ya samaki 200 katika kila eneo bunge, kwa maeneo bunge 140. Bwawa moja lilikuwa na mita mraba 300. Wakulima wengi waliokuwa wakijua mahindi na miwa tu wakawa wafugaji wa samaki, na hapo swali la umri likaacha kuwa la maabara.

Kitale iko kwenye mwinuko wa takribani mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, Bungoma takribani mita 1,400. Tofauti hiyo ya mita 500 ni kubwa kwa perege, ambaye hukua vyema maji yakiwa na joto la nyuzi 26 hadi 30 za Selsiasi na huzorota yakishuka chini ya 20. Mfugaji wa Kitale anayemlisha samaki wake sawasawa na mwenzake wa Bungoma atavuna samaki wadogo zaidi katika muda ule ule. Wapo watakaomlaumu kwa uvivu, au watakaosema kwamba aliuziwa mbegu mbaya. Vijiwe vya samaki wa mabwawa hayo mawili vingeonyesha idadi moja ya pete, lakini za Kitale zikiwa zimekaribiana. Hapo shutuma ya uvivu au ya mbegu haina msingi. Baridi ya Kitale inatosha kuwa sababu.

Mbegu mbaya nayo ipo, na ni hasara chungu zaidi. Perege akisongamana bwawani huanza kuzaa akiwa na miezi michache tu, angali mdogo, na bwawa hujaa vizazi juu ya vizazi vya samaki waliodumaa. Ndiyo maana wafugaji hupendelea kufuga madume matupu, au hutia kambare wachache wawale vifaranga. Muuzaji asiye mwaminifu anaweza kuvua hao waliodumaa, akawapanga kwa ukubwa na kuwauza kama vifaranga. Mfugaji huvilipia akiamini ni vya wiki chache. Akishavitia bwawani, hula chakula chake na kugeuka wazazi kabla ya kunenepa. Kwa macho hakuna tofauti kati ya kifaranga wa kweli na mzee aliyedumaa, lakini vijiwe vya samaki kumi tu, wakitolewa kafara kabla ya malipo, vingetosha kumaliza ubishi: wa kwanza atakuwa na pete chache za makumi, wa pili atapita mia.

Kuna tahadhari ambayo haifai kufichwa. Samaki aliyedumaa sana hujenga pete nyembamba mno hata hadubini ya kawaida ishindwe kuzitenganisha. Msomaji huona pete moja mahali palipo na tatu, na umri ukapunguzwa. Maana yake ni kwamba kijiwe cha mzee aliyedumaa kikikosewa, hukosewa kwa kumwonyesha kijana kuliko alivyo. Hesabu ya pete 130 husomwa kama "si chini ya siku 130", na kwa mfugaji anayeambiwa ananunua vifaranga vya wiki sita, hilo linatosha.

Ningu na mvua ya juu

Nje ya bwawa, swali hugeuka. Mto Nzoia hukusanya maji ya milima ya Cherang'any na mlima Elgon, ukapita Trans Nzoia, Webuye na Mumias, ukaishia ziwani upande wa Budalang'i. Mvua inayonyesha Kitale kuanzia Machi au Aprili ndiyo inayofurisha mto huko chini, na mafuriko hayo ndiyo yaliyokuwa yakimwita ningu. Samaki huyu hutoka ziwani akapanda mto kutaga mayai penye maji yaliyofunika nyasi. Wenyeji wa kando ya Nzoia walimvizia kwa migono na vizuizi vya matete, kila msimu mahali pake, kwa ujuzi uliorithiwa.

Mwaka 1965 D. A. Cadwalladr aliandika juu ya kuporomoka kwa uvuvi wa ningu katika Ziwa Viktoria na jinsi mbinu hizo za asili za Nzoia zilivyokuwa zikififia pamoja nao. Nyavu za kunasa matamvua, ambazo zilikuwa ziwani tangu 1905 na zikapata nguvu zaidi uzi wa nailoni ulipoingia, zilitegwa kwenye midomo ya mito na kuwanasa wazazi wakiwa njiani, mayai yakiwa tumboni. Tangu wakati huo ningu hajawahi kurudia wingi wake.

Kumlinda samaki wa namna hii kunataka kujua mambo mawili: huanza kuzaa akiwa na umri gani, na ni misimu mingapi huishi baada ya hapo. Ikiwa anazaa mara ya kwanza katika mwaka wa pili, wavu unaomkamata akiwa na mwaka mmoja na nusu unamaliza kizazi hata kama tundu zake zinalingana na sheria. Urefu peke yake hauwezi kulijibu swali hilo, kwa kuwa ningu aliyekulia penye chakula haba atakuwa mfupi na bado ni mzazi. Lapilasi na asterisikasi zake zinaweza, mradi ukanda mmoja uwe umethibitishwa ni wa mafuriko mamoja. Na kwa vile nyanda za juu za Kitale hupata msimu mmoja mrefu wa mvua unaoanza Machi au Aprili na kwenda hadi Oktoba au Novemba, wakati sehemu za karibu na ziwa zina masika na vuli, yawezekana kabisa kwamba ningu aliyekaa mtoni na yule aliyekaa ziwani hawaandiki kanda zao kwa kalenda moja. Anayetaka kulitatua hilo itambidi akusanye vichwa mwezi baada ya mwezi kwa mwaka mzima, kutoka Budalang'i hadi mahali pa juu kabisa ambapo ningu bado anapanda, na kutazama kila mara kama ukingo wa kijiwe ni angavu au ni wa giza.